Mtego Hauchagui: Somo la Uwindaji na Maadili Yake kwa Wakazi wa Mpakani

Somo la toleo hili linahusu uwindaji. Wapo watakaoshangaa kuona jarida la polisi likizungumzia jambo ambalo wengi wanalihesabu kuwa la kale. Lakini swali hili halijafa. Vijana huliuliza katika mikutano ya wananchi, na hasa wale walioona katika simu zao picha za wageni waliosimama kando ya nyati au simba waliyempiga risasi. Huuliza: ikiwa watu wa mbali wanawinda kwa burudani na hawakamatwi, kwa nini kijana wa Bugeshi anayetega kamba kando ya shamba la baba yake apelekwe mahakamani? Anayetaka kujifunza uwindaji aanzie wapi?

Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu kamili. Jibu la "ni marufuku" peke yake humnyamazisha mtu, lakini halimfundishi. Kwa hiyo tutaeleza uwindaji ulikuwa nini katika milima hii, sheria za Rwanda na za majirani zetu zinasemaje, mwindaji mwadilifu hupimwa kwa mambo gani, na kwa nini mtego wa kitanzi hushindwa katika kila kipimo. Mwishoni tutaonyesha njia anazoweza kufuata mtu mwenye kipaji cha kusoma nyayo bila kuingia gerezani na bila kuua.

Uwindaji katika historia ya milima yetu

Asubuhi ambayo mawingu yamepungua, mtu aliyesimama Gisenyi huiona Nyiragongo upande wa Kongo, na Karisimbi upande wa mashariki. Wazee wa Rwanda waliiunganisha milima hiyo miwili kwa simulizi ya Ryangombe, mwindaji mkuu wa masimulizi ya kale. Inasimuliwa kwamba mama yake alimwonya asiende kuwinda siku ile, naye hakusikia. Akaenda, na nyati akamuua. Roho yake ikapata makao Karisimbi pamoja na wafuasi wake, na waliomkataa wakatajwa kuwa ni wa moto wa Nyiragongo. Si kazi yetu hapa kujadili imani hiyo. Tunachokitazama ni kwamba hata katika simulizi inayomtukuza mwindaji, kosa lililomwangamiza halikuwa kukosa nguvu wala shabaha. Alikwenda siku ambayo hakupaswa kwenda. Watu wa kale walijua kwamba sharti la kwanza la uwindaji ni kujua wakati wa kujizuia.

Tukitoka katika simulizi na kuingia katika historia iliyoandikwa, mwaka 1902 afisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, alipanda mlima Sabyinyo akawapiga risasi sokwe wawili wakubwa. Mmoja ulipatikana mwili wake ukapelekwa Berlin, na mwaka uliofuata wataalamu wakampa mnyama yule jina la kisayansi linalotokana na jina la afisa huyo. Huyo ndiye sokwe wa milimani, ambaye sisi tunamwita ingagi. Ulimwengu wa sayansi ulimjua kwa mara ya kwanza kupitia mtutu wa bunduki.

Mwaka 1921 akaja Mmarekani Carl Akeley, fundi wa kutengeneza maumbo ya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya New York. Msafara wake uliwaua sokwe watano katika milima hii ili waonyeshwe huko Marekani. Lakini Akeley aliondoka akiwa na wasiwasi kwamba wawindaji wengine wakimfuata, sokwe hawa wangekwisha. Akawa miongoni mwa walioishawishi serikali ya Ubelgiji iwalinde. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akatangaza hifadhi iliyopewa jina lake, ambayo huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Kutokana nayo tumepata Hifadhi ya Virunga upande wa Kongo na Hifadhi ya Volkano upande wetu. Akeley alirudi mwaka 1926, akafariki humo humo milimani, akazikwa Kabara, katika mteremko wa Mikeno. Mtu aliyekuja na bunduki alitambua kwamba ana wajibu kwa mnyama aliyemlenga, na pia kwa wale wanaobaki.

Sheria zinasemaje

Maneno mawili yatenganishwe tangu mwanzo. Uwindaji halali ni ule unaofanywa kwa kibali cha serikali, mahali palipotengwa, kwa wakati uliowekwa, kwa silaha inayoruhusiwa, na kwa mnyama aliyetajwa katika kibali. Ukikosekana mmojawapo wa masharti hayo, tendo hilo ni ujangili, hata kama mnyama mwenyewe ni mdogo na nyama yake imeliwa nyumbani.

Nchini Rwanda, uwindaji wa aina yoyote umepigwa marufuku ndani ya hifadhi zote za taifa: Volkano, Gishwati-Mukura, Nyungwe na Akagera. Zamani lilikuwapo eneo la uwindaji la Mutara, kando ya Akagera. Leo halipo tena. Sheria ya mazingira ya mwaka 2018 na sheria ya bayoanuwai ya mwaka 2021 zinawalinda wanyamapori. Adhabu zake ni kifungo na faini nzito, hasa pale mnyama aliyeuawa ni wa jamii iliyo hatarini kutoweka. Tusidhani kwamba pongo aliyeruka ukuta wa mawe na kuingia katika shamba la viazi amepoteza ulinzi wake. Ukuta ni alama ya ardhi. Sheria humfuata mnyama popote aendapo.

Majirani zetu wamechagua njia mbalimbali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Uganda ilifanya hivyo mwaka 1979, kisha mwaka 2001 ikaanza kuuruhusu kwa majaribio katika ardhi zinazozunguka Ziwa Mburo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inayodai kibali, na ndani ya Hifadhi ya Virunga hakuna kuwinda. Tanzania ndiyo iliyoendeleza zaidi uwindaji wa kitalii, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Wageni wale wa picha za simu, ikiwa wamefuata sheria, wamepitia utaratibu wa namna hiyo.

Tuutazame utaratibu huo kwa ufupi, maana wengi hudhani kwamba fedha peke yake inatosha. Huko Tanzania ardhi ya uwindaji imegawanywa katika vitalu, na hifadhi za taifa hazimo. Kwa kila kitalu hupangwa mgao, yaani idadi ya wanyama wa kila aina wanaoweza kuuawa kwa mwaka. Msimu wa uwindaji wa kitalii una mwanzo na mwisho. Mgeni hawindi peke yake. Hufuatana na mwindaji bingwa mwenye leseni na askari wanyamapori wa serikali. Sheria inakataza kumwinda mnyama mchanga, jike mwenye mimba au jike mwenye mtoto. Inakataza sumu, shimo, kitanzi, na kumulika mnyama kwa taa usiku. Mwindaji akimjeruhi mnyama, analazimika kumfuata na kummaliza, asimwache akateseke porini.

Ndugu msomaji, rudia kusoma orodha hiyo ya makatazo. Hata katika nchi inayoruhusu uwindaji wa burudani, kitanzi kimekatazwa. Kwa hiyo hoja kwamba mgeni ameruhusiwa kile alichokatazwa mwenyeji haisimami. Yale anayoyafanya jangili wa milima yetu, yule mgeni naye angefungwa kwa kuyafanya.

Anayetaka kwa dhati kujifunza uwindaji halali hana budi kuanzia katika ofisi ya serikali ya nchi inayouruhusu. Atauliza leseni, mafunzo ya silaha, kitalu na msimu. Mtu yeyote anayekuahidi uwindaji "wa siri" ng'ambo ya mpaka, bila karatasi, hakufundishi uwindaji. Anatafuta mbebaji wa mizigo yake na, siku ya kukamatwa, mtu wa kuachiwa kosa.

Misingi mitano ya mwindaji mwadilifu

Sheria ni kiwango cha chini. Juu yake kuna maadili ambayo wawindaji waliostaarabika wa nchi nyingi huyashika hata pale ambapo hakuna askari anayewaona. Tumeyapanga katika misingi mitano.

*Kwanza, kumjua mnyama kabla ya kumlenga.* Mwindaji mwadilifu hapigi kichaka kilichotikisika. Anapaswa kujua ni mnyama gani, dume au jike, mzima au mchanga, na nyuma yake kuna nini. Asiye na hakika hushusha silaha.

*Pili, kifo cha haraka.* Mnyama asiteseke kwa ajili ya uzembe wa mtu. Anayeanza kuwinda hujizoeza kulenga shabaha ya karatasi kwa muda mrefu kabla ya kumlenga kiumbe, na akishajeruhi hapumziki mpaka amempata aliyemjeruhi.

*Tatu, kumpa mnyama nafasi.* Mnyama aliyefungwa, aliyenaswa, aliyepumbazwa kwa taa au aliyezingirwa na moto hana nafasi ya kutoroka. Kumuua katika hali hiyo ni uchinjaji, na hakuna ustadi wa kujivunia ndani yake.

*Nne, kiasi.* Wavuvi wa Ziwa Kivu wanalielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Kila mwaka uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa muda ili samaki wazaliane, na nyavu zenye matundu madogo mno hukatazwa. Mvuvi hulalamika siku hizo, lakini anajua kwamba bila mapumziko hayo mtumbwi wake ungerudi mtupu. Funo wa msituni huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Akiuawa jike mmoja, pengo lake halizibiki upesi kama la samaki.

*Tano, kutopoteza na kutoficha.* Nyama huliwa, ngozi hutumika, na idadi iliyouawa huripotiwa kwa mamlaka. Tendo ambalo mtu analazimika kulificha usiku, kulikata vipande na kulifunika kwa majani ya ndizi, tayari limejihukumu lenyewe.

Mtego hauchagui

Sasa tukipime kitanzi kwa misingi hiyo. Mtegaji hupinda mwanzi au mti mchanga, akaufunga kwa kigingi, akaweka tanzi la kamba au la waya juu ya njia ya mnyama na kulifunika kwa majani. Mnyama akikanyaga, mti hufyatuka na tanzi hukaza. Mtegaji mwenyewe yuko nyumbani. Hajui ni nani atakayepita, dume au jike, mzima au mchanga. Hajui mnyama atateseka saa ngapi, au siku ngapi, kabla yeye hajarudi. Mara nyingine harudi kabisa, na mnyama huoza pale pale. Katika misingi mitano, kitanzi hakitimizi hata mmoja.

Wahenga wa Kiswahili walisema: mtego wa panya huingia aliyekuwamo na asiyekuwamo. Katika milima yetu methali hii imekuwa kweli kwa namna ya kuhuzunisha. Mitego mingi hutegwa kwa ajili ya funo na pongo. Hakuna anayekusudia kumnasa sokwe. Lakini sokwe hupita njia zile zile. Sokwe mzima huweza kukata kamba kwa nguvu zake, ila tanzi hubaki limekaza mkononi, damu ikazuiwa na kidonda kikaoza. Mtoto wa sokwe hana nguvu hizo, naye hufa.

Mwaka 2012, watafiti wa kituo cha Karisoke katika Hifadhi ya Volkano walishuhudia jambo lililoushangaza ulimwengu. Siku chache baada ya mtoto mmoja wa kundi kuuawa na kitanzi, sokwe wawili wachanga wa kundi hilo hilo walionekana wakiuvunja mtego mwingine. Mmoja aliurukia mti uliopindwa akauvunja, mwingine akalifungua tanzi. Ikiwa sokwe wa umri wa miaka minne ametambua kwamba kitu kile ni adui wa jamaa zake, binadamu mwenye akili timamu atajitetea vipi?

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Uganda. Mwezi Juni 2020, katika msitu wa Bwindi, sokwe dume aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi la sokwe kumi na saba, aliuawa kwa mkuki. Aliyekamatwa alieleza kwamba aliingia msituni kuwinda wanyama wadogo, akakutana na Rafiki ghafla, akamchoma mkuki kwa kujihami. Mwezi Julai mwaka ule ule alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na mmoja. Mtu huyo huenda kweli hakutoka nyumbani kwake akiwa na nia ya kuua sokwe. Lakini aliyeingia mahali asiporuhusiwa, na silaha asiyoruhusiwa, hawezi kusema kwamba yaliyotokea humo hayamhusu. Alitafuta kitoweo, akapoteza zaidi ya miaka kumi ya maisha yake, na familia yake ikabaki bila mtu wa kuitegemeza.

Hasara hiyo haiishii kwa mnyama na kwa mfungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sokwe wa milima ya Virunga walikuwa wamebaki takriban 250. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilipata 604. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi (IUCN) liliwatoa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa mno na kuwaweka daraja moja nafuu zaidi, ijapokuwa bado wako hatarini. Ongezeko hilo limetokana na kazi ya walinzi, watafiti, madaktari wa wanyama na wananchi wa nchi tatu. Tangu mwaka 2005 Rwanda imetenga sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya wakazi wanaozizunguka. Mwanzoni ilikuwa asilimia 5, na mwaka 2017 ikapandishwa kuwa asilimia 10. Madarasa, vituo vya afya na matangi ya maji yamejengwa kwa fedha hizo. Kwa hiyo kitanzi kinachomuua sokwe kinakata pia fungu la kijiji kizima, likiwamo la watoto wa yule aliyekitega.

Mpaka, nyama na silaha

Kwa sisi tunaoishi hatua chache kutoka Goma, uwindaji haramu una hatari tatu zaidi.

Ya kwanza ni maradhi. Virusi vya Ebola huweza kumwingia binadamu anapomchuna au kumla mnyama wa porini aliyeambukizwa, kama vile popo, nyani au swala wa msituni. Tunakumbuka Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipogunduliwa Goma, na tarehe 1 Agosti mwaka ule mpaka wetu ulipofungwa kwa saa kadhaa. Mama anayevuka kila siku na kapu la mboga ili watoto wale jioni aliuhisi uzito wa saa hizo kuliko mtu mwingine yeyote. Nyama isiyopimwa na daktari wa mifugo, ikivushwa kwa siri kati ya Goma na Gisenyi, inaweza kuwafungia njia watu wote wanaoitegemea. Usiinunue, usiipokee kama zawadi, usiibebe kwa niaba ya mtu. Mnunuzi naye ni mkosaji, kwa maana bila yeye mtegaji asingetega.

Ya pili ni silaha. Kumiliki bunduki bila kibali ni kosa kubwa katika sheria ya silaha ya Rwanda, na kisingizio cha uwindaji hakilipunguzi. Ukikuta bunduki, risasi au bomu la mkono shambani au kichakani, usiguse, usifukue, waondoe watoto, weka alama kwa mbali, na utoe taarifa mara moja.

Ya tatu ni njia zenyewe. Mtu anayevuka mpaka usiku kupitia msituni, akiwa na mkuki, panga na mbwa, hawezi kutofautishwa kwa macho na mtu mwenye nia ya kudhuru usalama wa nchi. Doria haitajua kwamba amefuata funo. Vijana wetu wasijiweke katika hali ambayo maisha yao yanategemea kuaminiwa gizani.

Mnyama akija shambani

Tunatambua malalamiko ya wakulima. Nyati huvuka ukuta, viazi na pareto hukanyagwa, na mtu mwenye shamba dogo huona mavuno ya msimu yakipotea katika usiku mmoja. Hasira yake inaeleweka. Lakini sheria ya mwaka 2011 imeweka fidia kwa madhara yanayosababishwa na wanyama, nayo hulipwa kupitia Mfuko Maalumu wa Dhamana. Kwa hiyo usijilipe kwa mkuki. Usimkaribie mnyama. Toa taarifa kwa kiongozi wa umudugudu na wa akagari bila kuchelewa, piga picha za uharibifu kabla ya kulima upya, na hifadhi nakala ya kila karatasi. Aliyeua mnyama kwa hasira huwa mshtakiwa, hali aliyetoa taarifa huwa mdai mwenye haki yake.

Uwindaji usioua

Inabaki sehemu ya swali la vijana ambayo hatutaki kuipuuza. Hamu ya kuwinda si nyama peke yake. Ni hamu ya kuamka alfajiri, kusoma nyayo, kunusa upepo, kunyamaza, kungoja, na kumfikia mnyama bila yeye kushtuka. Hamu hiyo si dhambi, nayo ina kazi katika milima hii.

Chukua mfano wa wafuatiliaji wa sokwe. Kila usiku sokwe hutengeneza vitanda vipya vya majani. Asubuhi wafuatiliaji huanzia pale walipowaacha jana, hufuata shina lililovunjwa na kinyesi kibichi mpaka kwenye vitanda, huvihesabu ili kujua kama kundi limetimia, kisha huendelea mpaka kuwakuta wenyewe. Ni ustadi ule ule wa mwindaji, kutoka mwanzo hadi hatua ya mwisho, isipokuwa hatua ya mwisho haina mkuki. Wengine hufanya doria za kuondoa mitego, kazi inayohitaji mtu anayejua mtegaji anavyofikiri. Huko Kinigi, wilayani Musanze, kuna kijiji cha utamaduni ambapo waliokuwa majangili sasa huwapokea wageni, huwasimulia maisha ya zamani na kupata riziki kwa ujuzi uliowahi kuwatia hatarini. Wapo pia wabeba mizigo ya wageni, waongozaji wa kutazama ndege, na wafuatiliaji wa sokwe mtu wa Gishwati.

Tunawaomba wazazi na walimu wasiuzime moto wa kijana mwenye kipaji hicho kwa matusi. Wamwelekeze katika ofisi za hifadhi, katika vyama vya ushirika, na katika vilabu vya mazingira vya shule.

Muhtasari wa somo

Uwindaji ni wajibu kabla ya kuwa burudani. Anayeshika silaha hujibu kwa kila kinachokufa mbele yake, na ndiyo maana ni lazima aweze kuchagua. Mtego hauchagui, hivyo mtegaji hawezi kuitwa mwindaji, awe maskini au tajiri, mwenyeji au mgeni. Na katika ardhi yetu ya mpakani, ambako sokwe, nyati, wavuka mpaka na maradhi hupita njia moja, sheria imeamua kwamba silaha ya uwindaji ibaki chini. Kulitii hilo ni kumlinda jirani wa pande zote mbili.

Ukiona mtego, usiung'oe peke yako. Kumbuka mahali, ondoka, na uwaarifu walinzi wa hifadhi, uongozi wa akagari au Polisi kwa namba 112, isiyolipiwa. Anayetaka kuacha ujangili kwa hiari yake aje na kiongozi wake wa kijiji au mzee anayemwamini, tuzungumze kabla hajakamatwa.

*Maswali ya kujadili katika mikutano ya kijiji:*

1. Ni kwa nini kitanzi kimekatazwa hata katika nchi zinazoruhusu uwindaji wa burudani?
2. Mtu akisema, "Sikukusudia kumnasa sokwe," maadili yanamjibu nini?
3. Tunafananishaje mapumziko ya uvuvi wa sambaza na ulinzi wa wanyama wa msituni?
4. Katika kijiji chetu, ni kijana gani mwenye ustadi wa kusoma nyayo, na nani atamwonyesha njia ya halali?